Dripu ya heparini ikikugomea: pa kuanzia kutafuta

Saa tisa usiku maabara wanapiga simu: APTT, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ya mama wa kitanda namba 4 ni sekunde 29. Dripu ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inakwenda tangu jioni, chati inasema hivyo, na kwa dozi aliyoandikiwa tulitarajia angalau 50. Daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Mkono unakwenda wenyewe kwenye pampu kuongeza kasi.

Usiongeze bado. Washa tochi ya simu, funua shuka, ufuate mpira wa dripu kwa vidole kuanzia kwenye chupa mpaka kwenye kanula. Usiku ule kibanio kilikuwa kimefungwa. Aliyembadilishia mama shuka alikifunga ili damu isirudi kwenye mpira, akasahau kukifungua. Pampu, ambayo ingepiga kelele, ilikuwa imezimika tangu umeme ulipokatika, kwa sababu betri yake haishiki chaji. Kama ningepandisha kasi na kuwasha pampu upya, asubuhi mwenzangu angekifungua kibanio na kumpa mama dozi kubwa iliyopangwa kwa kipimo cha uongo.

Naandika kwa wauguzi wenzangu wa wodini, hasa huku Mtwara na Lindi ambako dripu ya heparini haiwekwi kila siku, na kitu kisichofanywa kila siku mkono hukisahau. Dozi anaandika daktari, na mwongozo wa hospitali yako ndio unaotangulia. Mimi naongelea kinachofanya dripu isiende kama ilivyoandikwa.

Dawa na hesabu yake

Ndugu wa wagonjwa huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi kitu. Heparini hushikana na protini ya damu iitwayo antithrombini na kuichochea ifanye kazi kwa kasi kubwa, na hapo thrombini na kigandishi cha kumi, vinavyogandisha damu, vinafungwa mikono. Donge lililokwisha kuganda mguuni linazuiwa lisikue, kisha mwili wenyewe unalimaliza taratibu. Nusu ya dawa hutoweka mwilini ndani ya saa moja hadi moja na nusu hivi. Ukizidisha, hiyo ni nafuu yako. Dripu ikisimama bila wewe kujua, mgonjwa amebaki bila kinga kabla hujamaliza raundi.

Kwa donge la mguuni au la mapafuni, mpango unaotumika sana ni yuniti 80 kwa kila kilo kama dozi ya kuanzia, halafu yuniti 18 kwa kilo kwa saa. Mgonjwa wa moyo huanza chini zaidi: 60 kwa kilo bila kuvuka 4,000, kisha 12 kwa kilo kwa saa bila kuvuka 1,000. Tumchukue mama wa kilo 60 mwenye donge mguuni. Dozi ya kuanzia ni 4,800, dripu ni 1,080 kwa saa. Ukiwa na yuniti 25,000 ndani ya mililita 500 za salaini, kila mililita ina 50, kwa hiyo anahitaji mililita 21.6 kwa saa.

Kama huna pampu, hapa ndipo penye mtego. Mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita utakupa matone 7 kwa dakika. Tone moja likizidi au kupungua, umeongeza au umepunguza mililita 3 kwa saa, yaani yuniti 150, karibu asilimia 14 ya dozi. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kutunza matone 7 usiku kucha. Tumia soluseti, kile kichupa chenye mistari ya mililita kinachokaa kati ya chupa na mpira, ya matone 60 kwa mililita: matone 22 kwa dakika, na tone moja likikosewa ni yuniti 50 tu.

Uzito upimwe. Aliyeanguka mnazi huko Mikindani na kuvunjika paja hawezi kusimama kwenye mizani, kwa hiyo mtu wa mapokezi anamtazama na kuandika kilo 70. Ikiwa kweli ana 52, umempa yuniti 1,260 kwa saa badala ya 936, na kesho mtashangaa APTT imepaa. Kama uzito umekisiwa, andika kwenye chati kwamba umekisiwa. Atakayepokea zamu ajue asiuamini.

Halafu kichupa. Kile cha mililita 5 kimeandikwa 5,000 kwa mililita, na jicho lililochoka linasoma 5,000 kwa kichupa kizima. Ukivuta chote umevuta 25,000. Mwaka 2006 huko Indianapolis, Marekani, vichupa vya yuniti 10,000 kwa mililita viliwekwa kwenye kabati la vile vya 10 kwa mililita, na watoto njiti watatu wakafariki. Wauguzi wa kule hawakuwa wazembe kuliko sisi. Muuguzi wa pili asome kichupa kwa sauti na afanye hesabu yake peke yake, siyo kutazama ya kwako na kutikisa kichwa. Na andika neno "yuniti" kwa ukamilifu. Herufi U ikiandikwa haraka inasomeka sifuri.

APTT imerudi chini

Lengo kwa kawaida ni mara 1.5 hadi 2.5 ya APTT ya kawaida ya maabara yenu. Kipimo huchukuliwa saa 6 baada ya kuanza, na saa 6 baada ya kila badiliko. Kikichukuliwa baada ya saa 2, unapima dozi ya kuanzia badala ya dripu.

Kikirudi chini, swali la kwanza ni kama dawa imeingia kwenye mshipa. Pampu itakwambia imesukuma mililita 130. Chupa itakwambia ukweli. Wakati wa kuitundika, bandika plasta pembeni mwa chupa, chora mstari kwenye kimo cha maji uandike saa, na kila saa chora mwingine. Kwa mililita 21.6, baada ya saa 6 maji yanapaswa kushuka mililita 130. Kama yameshuka 40, kesi imeisha, huna haja ya kumpandishia mtu dozi.

Kama chupa imeshuka vizuri, nenda kwenye mkono. Kanula iliyotoka nje ya mshipa hupokea dawa bila kulalamika kwa sababu kasi ni ndogo mno. Mililita 21 kwa saa zinaweza kuingia kwenye nyama muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana, hasa kwa mtu mnene. Bonyeza kwa kidole: ngozi ya baridi, iliyojaa, inayobaki na shimo. Linganisha na mkono wa pili. Kanula iliyowekwa kwenye kiwiko ina ugonjwa wake: mgonjwa akikunja mkono kulala, dripu inasimama, akiunyoosha asubuhi unakuta inakwenda kama malaika. Ihamishie chini, kwenye mkono wa mbele.

Kisha chupa yenyewe ilivyochanganywa. Dawa ikidungwa kwenye chupa ambayo tayari inaning'inia, inaweza kutulia sehemu moja bila kuchanganyika. Mgonjwa anapata nyingi mwanzoni na kidogo baadaye, au kinyume chake. Changanya ikiwa mezani, igeuze juu chini mara sita hivi, ndipo utundike. Lebo iwe na jumla ya yuniti, ujazo, yuniti kwa kila mililita, saa na majina ya wawili waliochanganya. Mgonjwa akija na dripu yake kutoka hospitali nyingine, usiendeleze kasi yake kwa mililita. Kule huenda wameweka 25,000 ndani ya 250, nguvu mara mbili ya yenu.

Kuna dawa nyingine pia inayopita njia hiyo hiyo? Gentamisini, amikasini, vankomisini na diazepamu hazipatani na heparini kwenye mpira mmoja. Na hata dawa inayopatana nayo, ukiisukuma kwenye mpira wenye heparini umemsukumia mgonjwa heparini iliyokuwamo, halafu umemwacha na pengo. Heparini ipewe kanula yake peke yake.

Yote yakiwa sawa, ndipo unafikiria damu iliyopelekwa maabara. Sampuli iliyokaa saa kadhaa kabla ya kuzungushwa kwenye mashine hutoa APTT ya chini kuliko ukweli, kwa sababu chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) ndani ya kichupa huachia protini inayoimeza heparini. Kwa mgonjwa wa heparini, ifike na ishughulikiwe ndani ya saa moja. Usiitume na mtu atakayepitia kantini.

Ukishasafisha njia yote hiyo na APTT bado iko chini, sasa dozi inaweza kupandishwa kwa amri ya daktari. Jedwali lililoenea zaidi linakwenda hivi, kwa kulinganisha na APTT ya kawaida (lengo lake linaishia mara 2.3):

Chini ya mara 1.2: rudia yuniti 80 kwa kilo, ongeza dripu kwa 4 kwa kilo kwa saa.
Mara 1.2 hadi 1.5: toa yuniti 40 kwa kilo, ongeza kwa 2.
Mara 1.5 hadi 2.3: usiguse.
Mara 2.3 hadi 3: punguza kwa 2.
Zaidi ya 3: simamisha saa moja, kisha punguza kwa 3.

Wapo wachache ambao hata yuniti 35,000 kwa siku haziwafikishi kwenye lengo. Huyo mpeleke kwa daktari na taarifa kamili: je, ana ugonjwa wa figo unaomwaga protini kwenye mkojo, au ini limechoka? Hao hukosa antithrombini, na heparini bila antithrombini ni dereva bila gari.

APTT imepaa, lakini mgonjwa anakula ugali

Matokeo yanasema zaidi ya sekunde 150. Mgonjwa amekaa, anakula, fizi safi, mkojo safi. Kabla hujatetemeka, muulize aliyetoa damu: umeitoa mkono gani?

Hili ndilo kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote. Mshipa mzuri uko mkono wa kulia, dripu iko mkono wa kulia, mtu anachomeka sindano juu ya kanula. Anachopeleka maabara ni heparini yenye damu kidogo. Kuzima dripu kwa dakika mbili hakusaidii kitu. Toa mkono wa pili. Ukikosa kabisa, chukua mguuni, au chini ya kanula na kamwe siyo juu yake, kisha uandike hivyo kwenye fomu.

Kosa la pili ni kichupa cha kifuniko cha bluu kisichojazwa. Ndani mna sitreti, dawa ya kuzuia sampuli isigande, iliyopimwa kwa uwiano wa sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Ukijaza nusu, sitreti inakuwa nyingi, inafunga kalsiamu hata ile ambayo mashine inaihitaji, na damu ya mtu mzima kabisa itaonekana haigandi. Jaza mpaka mstari. Na usiongezee kutoka kwenye kichupa cha zambarau ili kufika kwenye mstari. Nimeshuhudia kwa macho yangu, na aliyefanya hivyo aliona anasaidia. Dawa ya kichupa cha zambarau nayo inafunga kalsiamu. Bluu ijazwe kabla ya zambarau, igeuzwe taratibu mara tatu nne, isitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Rudia sampuli vizuri. Kama namba ya pili ni ile ile, basi ni kweli: dozi imezidi, uzito ulikisiwa, pampu iliingizwa 216 badala ya 21.6 (tafuta nukta!), au ini la mgonjwa halitengenezi vigandishi. Tazama pia kama APTT ilichukuliwa kabla ya kuanza dawa. Mgonjwa aliyeanza na sekunde 55 hawezi kusomwa kwa jedwali lile lile, na hili linatakiwa lijulikane siku ya kwanza, siyo ya nne.

Chupa imeisha mapema

Wodini kwetu ndugu wanakaa na wagonjwa. Wanawageuza, wanawalisha, wanawapeleka chooni. Bila wao tungeshindwa kazi. Lakini ndugu wa mgonjwa wa Tanzania amejifunza jambo moja kuhusu dripu: inayokwenda haraka ndiyo inayoponya.

Mchana mmoja nilirudi wodini nikakuta kijana kutoka Newala amekaa pembeni ya mama yake, ametulia.

"Sista, dripu ya mama ilikuwa imelala. Nimeiamsha kidogo."

"Umeiamsha saa ngapi, kaka?"

"Mlivyotoka tu kwenda kula."

Mstari wangu wa mwisho kwenye plasta ulikuwa kwenye mililita 400. Maji yalikuwa 250. Mililita 150 mara 50 ni yuniti 7,500, kwa mama ambaye dozi yake nzima ya kuanzia ilikuwa chini ya 5,000, na zote zimeingia ndani ya muda usiofika saa moja.

Nilifunga kibanio, nikaacha kanula mahali pake kwa sababu ningeweza kuihitaji. Nikamwita daktari. Presha, mapigo ya moyo na fahamu kila dakika 15, damu ya APTT kutoka mkono wa pili. Namba ilirudi juu kuliko mashine ilivyoweza kusoma. Mama hakuwa akitoka damu popote, kwa hiyo daktari aliamua tusubiri. Muda ulikuwa upande wetu. Baada ya saa kadhaa APTT ilishuka na dripu ikaanza upya. Yule kijana sikumgombeza. Hakuna aliyemwambia kitu kabla.

Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili. Naongea na ndugu wakati natundika chupa, siyo baadaye: "Hii ni tofauti na dripu za maji. Ikikimbia itamtoa damu. Ikisimama, niite, hata nikiwa nimelala." Pili, kwenye soluseti naweka mililita za saa mbili tu, 45 hivi, na kibanio cha juu nakifunga. Hata mtu akiifungulia yote, itakayoingia ni yuniti 2,250. Inanilazimu kurudi kitandani kila baada ya saa mbili, jambo ambalo nilitakiwa kulifanya tangu mwanzo.

Mgonjwa anatoka damu

Hapa mpangilio unageuka. Kwingine kote nimesema tafuta kwanza. Damu ikionekana, simamisha kwanza, ndipo utafute.

Damu kidogo kwenye fizi au mahali pa sindano, bonyeza na uite daktari. Zile zisizoonekana ndizo zinazoua. Maumivu ya kichwa yaliyoanza ghafla, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine: zima dripu ukiwa unamwita daktari, usimalize kumwita kwanza. Maumivu ya kiuno au ubavu, mapigo ya moyo yanapanda, presha inashuka, na hakuna tone la damu nje: anaweza kuwa anavuja nyuma ya tumbo. Choo cheusi kama lami, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, damu ya uzazi inayolowanisha kanga baada ya kanga.

Kisha fungua faili utafute nani mwingine anayemchoma. Kwetu mgonjwa akilia maumivu usiku, sindano ya diklofenaki ya kwenye tako huja haraka kuliko maswali. Kwa mgonjwa wa heparini ni makosa mawili ndani ya bomba moja: dawa inayozuia chembe sahani zisifanye kazi na inayochuna tumbo, na tundu kwenye msuli litakalojaa damu. Andika kwa kalamu nyekundu juu ya chati: HAKUNA SINDANO YA MSULI. Muulize pia kuhusu aspirini na dawa za mitishamba, kwa upole, kwa sababu akiona unamkaripia atakwambia hajatumia kitu.

Daktari akiamua kurudisha nguvu ya heparini, dawa yake ni protamini. Miligramu 1 hufunga takribani yuniti 100. Kwa dripu huhesabiwa dawa ya saa 2 hadi 3 za mwisho, siyo chupa nzima, kwa kuwa ya zamani imeshatoweka. Mama wetu wa yuniti 1,080 kwa saa atahitaji kama miligramu 20 hadi 30. Dozi moja isivuke 50, na iingie taratibu kwa dakika 10 hivi, kwa sababu ikikimbizwa presha huanguka. Protamini hutokana na mbegu za samaki dume, hivyo muulize kama ana mzio wa samaki. Hapa pwani swali hilo huchekesha watu. Liulize hivyo hivyo. Aliyewahi kutumia insulini ya maziwa, ile ya NPH yenye protamini ndani, naye atazamwe kwa karibu.

Chembe sahani zinashuka

Siku ya 5 hadi ya 10, picha nzima ya damu inarudi na chembe sahani zimeshuka nusu ya zilivyokuwa. Usijifariji kwamba 160 bado iko ndani ya kiwango; kama alianza na 340, zimeshuka kwa zaidi ya nusu. Kwa aliyepata heparini ndani ya miezi mitatu iliyopita, zinaweza kuporomoka siku ya kwanza. Hii ni kinga ya mwili iliyogeukia mchanganyiko wa heparini na protini ya chembe sahani, na kinyume na unavyodhani, hatari yake ni damu kuganda: mguu mwingine unavimba, kidole kinakuwa cheusi, ngozi ilipochomwa inaoza.

Mwite daktari, na akithibitisha shaka hiyo, heparini yote inaondoka. Yote: dripu, sindano za chini ya ngozi, na ile kidogo ya kusafishia kanula ambayo hakuna anayeikumbuka. Enoxaparini, ndugu yake heparini wa sindano ya chini ya ngozi, haifai kuwa mbadala wake, na kuongezewa chembe sahani kunaweza kuchochea moto. Ili uyaone haya mapema, hesabu ya chembe sahani ichukuliwe kabla ya kuanza, kisha kila siku mbili tatu kuanzia siku ya 4 mpaka ya 14.

Ukiwa unatazama majibu hayo, tupia jicho potasiamu pia. Heparini hupunguza homoni ya aldosteroni, na kwa mwenye kisukari au figo dhaifu potasiamu inaweza kupanda.

Kitendanishi cha APTT kimeisha

Kitendanishi ni dawa ya maabara ya kupimia, na kuishiwa nacho ni mgeni wetu wa kawaida. Usimbadilishie mgonjwa INR, kipimo kingine cha kuganda kwa damu, badala ya APTT. Vitendanishi vingi vya INR vimetiwa dawa ya kuizima heparini, kwa hiyo mgonjwa aliyezidishiwa anaweza kusomeka 1.1. Kile kipimo cha kuacha damu kwenye kichupa kwa dakika 20, tunachokitumia kwa aliyeumwa na nyoka, nacho hakikuambii kama uko ndani ya lengo.

Mwambie daktari mapema, kabla ya saa 6 kufika, kwamba hakuna kipimo. Anaweza kumhamishia enoxaparini, miligramu 1 kwa kilo kila baada ya saa 12 kama figo ni nzima, au heparini ya chini ya ngozi kwa dozi isiyobadilishwa kwa kipimo: yuniti 333 kwa kilo mara ya kwanza, kisha 250 kwa kilo kila saa 12. Dripu ya heparini isiyopimwa ni kuendesha gari usiku barabara ya Masasi taa zikiwa zimezimwa.

Swali la nguruwe

Heparini nyingi inayotumika hospitalini hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Wagonjwa wetu wengi ni Waislamu na sasa kila mtu ana simu, kwa hiyo ipo siku mzee atakuuliza. Usimdanganye. Nilishamjibu mmoja: "Ni kweli, mzee wangu, asili yake ni hiyo." Alinyamaza, akaomba aongee na sheikh wake. Alipiga simu pale pale kitandani, akaelezwa habari ya dharura, akanyoosha mkono. Ilichukua dakika kumi. Mgonjwa aliyekubali kwa moyo wake hachomoi kanula usiku.

INR imefika 2, tunazima?

Siku ya tatu ya wafarini, kidonge cha kuzuia damu isigande anachohamia mgonjwa, INR inasoma 2.1 na kila mtu anataka kuondoa stendi ya dripu. Hapana. Kinachoshuka kwanza kwa wafarini ni kigandishi cha saba, chenye maisha mafupi, na ndicho kinachoisukuma INR. Vingine bado vipo, na donge linaweza kukua huku karatasi ikionyesha amani. Dawa mbili ziende pamoja angalau siku 5, na INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24, ndipo heparini izimwe.

Katika siku hizo ndugu watakuuliza kama mgonjwa aache mboga za majani, maana jirani aliwaambia. Kwa heparini mboga hazina neno. Kwa wafarini zina neno, kwa sababu ya vitamini K, lakini tatizo ni kubadilika badilika. Aliyezoea kisamvu aendelee na kisamvu, kiasi kile kile, wiki hadi wiki. Waambie siku anapoanza wafarini, na umwambie anayempikia. Mgonjwa mwenyewe anakula anachowekewa.